Taa za UVB kwa Nyoka, Kobe na Wanyama Wengine Watambaao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Dodoma

Majibu haya yamekusudiwa wafugaji wa wanyama watambaao waliopo Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida, wawe wanafuga nyumbani, shuleni au katika bustani ya maonyesho yenye kibali. Maelekezo mengi ya taa za UVB yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambako mnyama hukaa ndani karibu mwaka mzima. Mfugaji wa hapa akiyafuata neno kwa neno anaweza kutumia fedha nyingi kununua kitu kinachopatikana bure uani kwake au, kinyume chake, akadhani kwamba jua linalowaka nje linamfikia pia mnyama aliyefungiwa ndani ya kioo.

UVB ni nini, na inamfanyia nini mnyama?

Pamoja na mwanga tunaouona, jua hutoa mionzi ya urujuanimno ambayo jicho la binadamu haliioni. Mionzi hiyo hugawanywa katika mafungu matatu kwa urefu wa mawimbi yake: UVA ina nanomita 315 hadi 400, UVB ina nanomita 280 hadi 315, na UVC iko chini ya 280. UVC ya jua huishia angani na haitufikii. UVB ni sehemu ndogo tu ya mionzi inayofika ardhini, lakini ndiyo inayogeuza kemikali iliyomo kwenye ngozi ya mnyama kuwa kitangulizi cha vitamini D3. Kitangulizi hicho hugeuka kuwa vitamini D3 kamili kwa msaada wa joto la mwili, kisha ini na figo huikamilisha kuwa homoni inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula.

Neno la kuzingatia hapo ni joto. Mnyama aliyewekewa taa nzuri ya UVB katika kasha la baridi hapati faida inayotarajiwa, kwa sababu hatua ya pili ya kazi hiyo hufanyika polepole mno ngozi inapokuwa ya baridi. Mahali pa kuotea joto na mahali pa UVB panapaswa kuwa pamoja, kama ilivyo juani.

Je, nyoka naye anahitaji UVB, au hayo ni mambo ya kobe na kinyonga tu?

Nyoka wengi wanaofugwa hukua na kuzaa bila taa ya UVB. Sababu ni kwamba nyoka humeza panya mzima, pamoja na mifupa yenye kalsiamu na ini lenye vitamini D, kwa hiyo hupata katika mlo kile ambacho kobe hulazimika kukitengeneza kwa ngozi yake. Kwa maana hiyo, anayesema kwamba nyoka hafi kwa kukosa UVB anasema kweli.

Hata hivyo, kuweza kuishi bila kitu hakumaanishi kwamba mwili hauna matumizi nacho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa nyoka wa Marekani anayeitwa Pantherophis guttatus, akiwekewa taa ya UVB, huwa na vitamini D nyingi zaidi katika damu kuliko wenzake wasiowekewa. Utafiti wa mwaka 2013 uliofanywa kwa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, haukuona badiliko la namna hiyo. Kwa hiyo nyoka hawafanani, na si halali kuchukua jibu la mmoja na kuwavisha wote.

Msimamo wetu ni kwamba nyoka awekewe UVB hafifu upande mmoja wa kasha, akiwa na maficho ya kutosha upande wa pili, ili achague mwenyewe. Hata nyoka wa usiku huonekana mara kwa mara akitoa sehemu ya mwili nje ya maficho asubuhi, kichwa kikibaki gizani. Boa wa mchangani wa Afrika Mashariki, Eryx colubrinus, hushinda amejifukia na pengine ataitumia taa hiyo kwa nadra sana, na hilo halina ubaya. Lakini kama fedha haitoshi kwa vyote, mfugaji wa nyoka anunue kwanza kidhibiti joto kizuri, kwa kuwa tumeona nyoka wengi zaidi wakiumia kwa kuungua juu ya mkeka wa joto usiodhibitiwa kuliko kwa kukosa UVB. Nyoka zeruzeru watengwe na kanuni hii: macho na ngozi zao hazina rangi ya kuwakinga, na kwao kivuli ni muhimu kuliko taa.

Kwa jua hili la Dodoma, taa ya nini?

Kwa kobe anayeishi uani, kwa kweli si ya lazima. Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katika vipindi hivyo, anga ikiwa safi, fahirisi ya UV, yaani ile namba inayotumika katika utabiri wa hali ya hewa kueleza ukali wa mionzi, huvuka 11 wakati wa mchana, na 11 ndicho kiwango kinachoitwa cha kupindukia. Hakuna taa ya kufugia iliyokusudiwa kufika huko, wala haifai kuwepo.

Tatizo la jua letu basi ni ukali wake. Wanyama wa porini huota jua asubuhi, kisha hujificha chini ya mawe na vichaka saa za mchana, na mfugaji anapaswa kuiga ratiba hiyo. Kipimo rahisi kisicho na gharama ni kivuli chako mwenyewe: kivuli kikiwa kirefu kuliko kimo chako, UVB ni ya wastani au hafifu, na kikiwa kifupi kuliko kimo chako, ni kali. Kumbuka pia kwamba saa ya Tanzania hufuata mstari ulio mashariki ya Dodoma, kwa hiyo jua la utosi hapa halifiki saa 6 kamili mchana bali kati ya saa 6:20 na saa 6:50, kutegemea mwezi. Kati ya saa 2 na nusu na saa 4 asubuhi ni muda mzuri kwa kinyonga na mijusi wadogo. Mwezi Juni na Julai, ambapo kuna upepo wa baridi na alfajiri inaweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, sogeza muda huo mbele kidogo, kwani mnyama aliyepoa hawezi kutumia jua wala kusaga chakula.

Nusu saa hadi saa moja juani, mara tatu au nne kwa wiki, humsaidia sana mnyama anayeishi ndani. Kizimba cha nje kiwe cha wavu pande zote, nusu yake ikiwa imeezekwa kwa nyasi, na kiwe na maji. Miguu yake isimame ndani ya vikopo vya maji ili siafu wasipande. Kunguru, mwewe na paka wa jirani hawahitaji mwaliko, kwa hiyo kifuniko kiwe na komeo. Kamwe usimtoe mnyama akiwa ndani ya kasha la kioo au ndoo ya plastiki inayopitisha mwanga, hata kwa dakika chache wakati ukifuata simu ndani, kwa sababu joto la ndani ya chombo hicho hupanda haraka kuliko unavyodhani na mnyama hana pa kukimbilia.

Taa inahitajika pale ambapo mnyama hawezi kutoka: nyumba za ghorofa zisizo na ua, mfugaji anayeondoka alfajiri kwenda ofisini Mtumba na kurudi jioni, mnyama mgonjwa aliyetengwa, au siku za masika zenye mvua mfululizo, ingawa mawingu mepesi hupitisha UVB nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Nikimweka dirishani jua likampiga, si sawa?

Hapana. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu UVB yote na kupitisha joto, kwa hiyo mnyama hupata hatari ya jua bila faida yake. Plastiki nyingi ngumu zinazopitisha mwanga ziko hivyo hivyo. Fungua dirisha, libaki na wavu tu.

Dukani nimeambiwa kuna taa ya UV ya bei nafuu. Niinunue?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza fedha na wakati mwingine macho ya wanyama wao. Neno "UV" kwenye boksi halitoshi. Taa ndogo ya kukagua noti bandia hutoa UVA, na vivyo hivyo taa ya kukaushia rangi ya kucha katika saluni na ile ya buluu inayovuta wadudu kwenye mabucha na migahawa. Hizo zote hazimsaidii mnyama kutengeneza vitamini D. Taa nyekundu ya vifaranga, inayopatikana katika maduka yote ya pembejeo za mifugo, ni taa ya joto tupu. Ni nzuri kwa joto hilo, lakini haina UVB hata chembe. Taa nyeupe za LED za kawaida na zile za kubana matumizi ya umeme nazo hazina.

Ya kuogopwa kweli ni taa ya kuua vijidudu, inayotumika kusafisha maji na vyumba vya maabara. Hiyo hutoa UVC ya nanomita 254, mionzi ambayo hakuna kiumbe wa nchi kavu aliyezoea kukutana nayo, na muda mfupi tu chini yake hutosha kuunguza macho ya mnyama na ya mwenye nyumba. Mtu akikuambia kwamba "UV ni UV tu", mshukuru na uondoke dukani.

Taa sahihi imeandikwa wazi kwamba ni ya reptilia, yaani wanyama watambaao, ina alama ya kiwango cha UVB, na mtengenezaji ameambatanisha chati inayoonyesha nguvu ya mionzi kwa kila umbali. Kwa Dodoma, nyingi huagizwa kutoka nje au huletwa na ndugu wanaosafiri. Kabla ya kumwomba shangazi aliyepo Marekani akuletee, angalia volti: umeme wetu ni volti 230, wao wanatumia 120, na taa ya kwao ikichomekwa hapa huungua au kupasuka.

Kuna aina nyingi za taa. Ipi ni bora?

Kwa kasha la kawaida, tyubu ndefu ya aina ya T5 yenye kiakisi cha aluminiamu kinachong'aa ndiyo tunayoipendekeza. Hutawanya mionzi sawasawa katika eneo pana, na kiakisi hicho huweza kukaribia kuongeza mara mbili kiasi kinachomfikia mnyama. Namba hiyo hueleza unene wa tyubu: tyubu za T8 ni nene kuliko T5, ni za kizazi cha nyuma, ni dhaifu zaidi na huchoka mapema. Taa zilizopindwa kama msokoto humulika eneo dogo, na katika miaka ya 2000 baadhi yake zilitoa mionzi mifupi mno iliyoumiza macho ya wanyama. Za sasa ni salama zaidi, lakini bado hazifai kwa mnyama mkubwa. Taa za mvuke wa zebaki hutoa joto na UVB kwa pamoja, jambo zuri kwa kobe mkubwa katika chumba, ila haziwezi kuunganishwa na kidhibiti joto, na umeme ukiyumba hujizima na hukataa kuwaka mpaka zipoe kwa dakika kadhaa. Kwa mitaa ambayo umeme huyumba jioni, hilo ni kero ya kila siku.

Nitajuaje kiasi kinachomfaa mnyama wangu?

Mwaka 2010 Gary Ferguson na wenzake walichapisha vipimo vya UV ambayo mijusi na nyoka wa porini huipata katika shughuli zao za kila siku, na kutokana na vipimo hivyo wakayapanga makundi manne yanayotumika hadi leo. Kundi la 1 ni wanyama wa machweo na kivulini, ambao wastani wao ni fahirisi ya UV kati ya 0 na 0.7. Kundi la 2, wanaoota jua kidogo au katikati ya majani, ni 0.7 hadi 1.0. Kundi la 3, wanaoota jua wazi au kwa sehemu ya siku, ni 1.0 hadi 2.6, na kundi la 4, wa jua kali la mchana, ni 2.6 hadi 3.5. Hizo ni namba za wastani. Mahali pa karibu kabisa na taa panaweza kuzidi hapo, mradi mionzi ipungue hatua kwa hatua hadi kwenye kivuli kamili.

Python regius na mjusi wa madoa anayeitwa Eublepharis macularius wako katika kundi la 1. Joka la ndevu wa Australia, Pogona vitticeps, yuko katika kundi la 3.

Kipimo maalumu cha fahirisi ya UV, ambacho kinachojulikana zaidi ni Solarmeter 6.5, ni ghali, na si lazima kila mtu awe nacho. Wafugaji watano wanaweza kuchangia kimoja. Asiye nacho afuate chati ya mtengenezaji na apime umbali kwa futi, kutoka kwenye taa hadi kwenye mgongo wa mnyama akiwa mahali pake pa kuotea, si hadi kwenye sakafu. Tyubu ya T5 yenye alama ya UVB ya asilimia 12 na kiakisi isiwekwe karibu zaidi ya sentimita 30. Ikiwa taa iko juu ya wavu, hesabu kwamba wavu mwembamba kama ule wa kuzuia mbu unaweza kula hata nusu ya mionzi. Asilimia zilizoandikwa kwenye taa za watengenezaji tofauti hazilinganishiki moja kwa moja.

Mwanga utoke juu daima. Mnyama ana nyusi na kope zilizoumbwa kumkinga na jua la juu, hana kinga dhidi ya taa iliyo ubavuni.

Taa iwake kwa saa ngapi, na LUKU itaumia kiasi gani?

Saa 12 kwa siku zinatosha kwa wanyama wa ukanda huu, kwa kuwa urefu wa mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima. Usiku kuwe giza. Swichi ya saa ni ya bei ndogo na haisahau. Tyubu ya wati 24 ikiwaka saa 12 hutumia takriban uniti 0.29 kwa siku, yaani kama uniti 8.6 kwa mwezi. Taa ya mvuke wa zebaki ya wati 100 hutumia uniti 1.2 kwa siku, au 36 kwa mwezi, na hapo mtu hupaswa kupiga hesabu upya.

Umeme ukikatika siku nzima?

Kwa upande wa UVB hakuna hasara, kwa sababu vitamini D hukaa mwilini kwa muda mrefu. Wasiwasi uwe juu ya joto, hasa usiku wa Julai; funika kasha kwa blanketi, acha nafasi ya hewa, na usimlishe nyoka mpaka joto lirudi.

Taa yangu bado inawaka vizuri. Kwa nini niibadilishe?

Kwa sababu mwanga unaouona na UVB usiyoiona havichoki kwa pamoja. Tyubu ya T5 hubadilishwa kila baada ya miezi 12 hivi, T8 kila baada ya miezi 6, isipokuwa kipimo kimethibitisha kwamba bado ina nguvu. Andika tarehe ya kuiwasha kwa kalamu ya wino mzito kwenye kichwa cha tyubu. Dodoma kuna jambo la ziada: kati ya Julai na Oktoba, vumbi jekundu huingia kila mahali, na utando wake juu ya tyubu hupunguza mionzi. Pitisha kidole, kikitoka na rangi, zima taa, iache ipoe, kisha ipanguse kwa kitambaa kikavu.

Nitatambuaje kwamba mnyama amekosa UVB?

Dalili za mwanzo ni za unyonge tu: hali chakula, hapandi tawi, anatetemeka vidole. Kinyonga hutupa ulimi na ukashindwa kufika kwa panzi aliye mbele yake, au miguu ya mbele hupinda katikati ya mfupa, mahali pasipo na kiungo, naye hujivuta kwa viwiko. Kwa mjusi, shika taya la chini kwa vidole viwili bila nguvu. Likinepa kama mpira, mifupa imekwisha kunyang'anywa kalsiamu yake ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi. Kobe mdogo huwa na gamba linalobonyea chini ya dole gumba hata baada ya umri wa mwaka mmoja, au pingili za mgongoni huinuka kama vichuguu na kingo za nyuma kujikunja juu.

Taa haitanyoosha mfupa uliokwisha kupinda, na mnyama anayetetemeka anahitaji kalsiamu kutoka kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Anzia kwa daktari wa mifugo wa jiji au wilaya yako. Kama atasema hajazoea reptilia, mwombe awasiliane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako udaktari wa wanyama hufundishwa.

Je, siwezi kumpa unga wa kalsiamu na vitamini D badala ya taa?

Kalsiamu lazima apewe kwa vyovyote, kwani UVB hufungua mlango tu, haileti chakula. Mfupa wa ngisi unaotoka Pwani, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini, hufanya kazi vizuri. Panzi na nyenje wanyunyiziwe unga huo muda mfupi kabla ya kuliwa. Kobe wa hapa wana bahati, kwa kuwa nyasi, dungusi lililoondolewa miiba na majani ya mzabibu ni chakula chema, ila majani ya shamba lililopigwa dawa ya ukungu yasiguswe. Mchicha usiwe mlo wa kila siku, maana una asidi inayoifunga kalsiamu.

Vitamini D ya unga ni habari nyingine. Mwili hauna njia nyepesi ya kutoa ziada iliyomezwa, na ikizidi huweka kalsiamu kwenye figo na mishipa. Ile inayotengenezwa na ngozi haizidi, kwa sababu mionzi ikiendelea, ngozi hugeuza ziada hiyo kuwa kemikali zisizo na madhara.

Anafumba macho muda wote chini ya taa mpya. Ni kawaida?

Si kawaida. Macho yaliyovimba, ngozi nyekundu au kujificha siku nzima huashiria kwamba taa ipo karibu mno au ni ya aina isiyofaa. Izime, mweke kivulini na umwone daktari ikiwa macho hayajafunguka kesho yake.

Sheria inasemaje kuhusu kumfuga mnyama aliyeokotwa porini?

Wanyama hao wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, na masuala ya vibali hushughulikiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Uliza kabla ya kumchukua, si baada ya kukamatwa. Kobe bapa anayeishi katika nyufa za miamba yetu, Malacochersus tornieri, yuko katika Jedwali la Kwanza la CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu mwaka 2019 kwa sababu ya biashara iliyommaliza, naye aachwe mwambani kwake, ambako kamwe hajawahi kuhitaji taa.

Tyubu imevunjika sebuleni. Nifanye nini?

Tyubu za UVB zina zebaki kidogo. Watoe watoto na wanyama, fungua madirisha kwa robo saa, na usitumie ufagio, kwa kuwa hutawanya vumbi lake. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, okota vidogo kwa utepe wa gundi, viweke katika chupa yenye kifuniko, na pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi ambacho nacho utakitupa humo.